Hatimiliki ya Tovuti Yako Iko kwa Nani?

Mkenya akitaka kununua ploti ya hamsini kwa mia, hata kama ni huko ambako matatu hazifiki, lazima aulize hati iko kwa jina la nani. Ataenda ofisi ya ardhi, atauliza majirani, atauliza hata chifu. Lakini huyo huyo akitengenezewa tovuti, swali lake ni moja tu: "Itakuwa na rangi gani?"

Najua, manake huyo Mkenya ni mimi.

Nilikuwa naandika kuhusu mapishi ya bei nafuu, chakula cha mtu anayeishi chumba kimoja na ana jiko moja la gesi. Jamaa mmoja akanitengenezea tovuti kwa elfu nane, malipo ya jina kwa miaka miwili yakiwa ndani ya hiyo bei. Kazi yake ilikuwa safi, siwezi kudanganya. Mimi nikawa naweka makala tu, mengine sikutaka kujua.

Halafu kuna mama mmoja mwenye biashara ya viungo, alikuwa ameniahidi kazi ya elfu thelathini. Nikamtumia linki aone ninavyoandika. Dakika kumi hazijaisha, akajibu: "Kijana wangu, mbona hii imenipeleka kwa kamari?"

Nikafungua. Kweli, kamari tupu. Kumbe muda wa jina uliisha, na arifa zote za kulipia zilienda kwa barua pepe ya yule fundi. Nilipompata kwa simu akaniambia, "Pole sana boss, hiyo imeili siku hizi hata siifungui." Hakuniibia. Alisajili jina kwa njia iliyomrahisishia kazi, na mimi sikuuliza kitu. Jina likabaki wazi, mtu mwingine akalichukua. Yule mama hakurudi tena.

Sasa maoni yangu ni haya: sisi vijana wa maudhui tunahesabu wafuasi usiku na mchana, lakini funguo hatuhesabu. Utaniambia tovuti ya nini na watu wote wako TikTok. Hata mimi niko huko. Lakini Vine ilifungwa 2017, Google+ nayo ikafungiwa watumiaji wa kawaida 2019, na waliokuwa wamejenga huko ikabidi waanze upya. Mtandao wa kijamii ni soko: unaenda, unauza, unarudi nyumbani. Nyumbani ni kwa tovuti yako. Ila kama hati na funguo ziko kwa mtu mwingine, basi hapo umepanga tu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yangu yalionekana na mteja.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujarekodi video nyingine, fanya haya.

Jua jina limesajiliwa kwa nani. Majina yanayoisha na .ke yanasimamiwa na KeNIC, na kwa kawaida unayapata kupitia mawakala. Yale ya .co.ke ni ya biashara, .me.ke ni ya mtu binafsi, .or.ke ni ya mashirika yasiyotafuta faida. Ingia kwa akaunti ya wakala wako uangalie: ni jina lako? Ni barua pepe yako? Ni namba yako? Kama huna hata nenosiri la hiyo akaunti, shida iko hapo. Mpigie fundi wako leo, mkiwa bado marafiki, akuhamishie. Pia tafuta huduma ya WHOIS mtandaoni. Ni ya bure. Unaandika jina la tovuti, inakuonyesha liko kwa wakala gani na litaisha lini. Hiyo tarehe iweke kwa kalenda ya simu, na kengele ilie mwezi mmoja kabla.

Usisajili jina kwa barua pepe ya jina hilo hilo. Hii wengi hawaijui. Barua pepe inayoishia na jina la tovuti yako inapendeza kwa wateja, lakini siku jina likiisha muda, barua pepe nayo inakufa. Arifa ya kukuokoa itatumwa kwa sanduku ambalo halifunguki. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Kwa wakala tumia Gmail au nyingine ambayo haitegemei hilo jina.

Weka nakala. Nilipoanza upya, makala mengi niliyapata kwa vipande vipande kwenye simu. Kama kumi na tano hivi sikuyaona tena, ikiwemo ile niliyoandika nikiwa jikoni na nyanya yangu. Kampuni inayohifadhi tovuti kuwa na nakala haitoshi. Pakua yako kila mwezi, moja ibaki kwa laptopu, nyingine kwa flashi au Google Drive. Na usisahau hifadhidata, manake kama unatumia WordPress maandishi yako yako humo, si kwa faili za picha.

Linda mlango. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa barua pepe, kwa wakala na kwa tovuti. Ukiweza, tumia programu ya kutoa namba za siri badala ya SMS, kwa sababu walaghai wa kubadilisha laini tunawajua. Sasisha WordPress, futa programu-jalizi usizotumia, na ile mandhari ya kulipia ambayo mtu anakugawia bure kwa Telegram, achana nayo. Mara nyingi imebeba vitu vingine ndani.

Hurumia bando la msomaji. Picha moja ya simu inaweza kufika MB 4. Weka nane kwa ukurasa mmoja, umemla mtu MB 32 kwa sababu ya chapati. Squoosh ni ya bure na inafanya kazi kwenye kivinjari chenyewe. Shusha kila picha iwe chini ya KB 200, na kwa skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti.

Haya yote hayahitaji mtu wa kompyuta. Jina langu la sasa nililisajili mwenyewe nikiwa kitandani, nikalipa kwa M-Pesa, na sikutumia hata nusu saa. Na fundi bado namtumia, ni mtu poa. Ila siku hizi anaingia kwa akaunti niliyomfungulia mimi, na akimaliza kazi naifunga.

Jiulize swali moja tu: fundi wako akipoteza simu yake leo, tovuti yako itakuwa hewani mwaka ujao? Kama huna jibu, funga hii, umpigie kwanza.