Gia ya baiskeli ya mtoto ikianza kuruka

Kelele ya kwanza huwa ndogo tu: tik, tik, tik kutoka gurudumu la nyuma, mtoto anapopanda kilima cha kurudi nyumbani. Hakuna anayeijali kwa sababu baiskeli bado inakwenda. Siku moja cheni inaruka mtoto akiwa amesimama juu ya pedali, uzito wake wote unashuka ghafla, na yeye anaangukia bomba la fremu au lami. Wazazi wengi hutambua siku hiyo kwamba gia si pambo.

Baiskeli za milimani zimekuwa zawadi ya kawaida kwa mtoto anayefaulu au anayeanza shule ya mbali. Nyingi hununuliwa mtumba. Muuzaji husifu idadi ya gia: "Mama, hii ina gia 21!" Hesabu yake ni rahisi: sproketi 3 mbele mara 7 nyuma. Kwa mtoto wa miaka saba anayezunguka uani, gia 21 ni usumbufu mtupu, na baiskeli isiyo na gia ingemfaa zaidi. Lakini kwa mtoto wa Lushoto, Mbeya au Iringa anayepanda na kushuka kila siku, gia ndiyo inayomfikisha darasani akiwa na nguvu za kusoma.

Mzazi hahitaji kuwa fundi ili ajue kinachoendelea pale nyuma. Kitasa cha kulia kwenye usukani huvuta waya. Waya huo huvuta mkono wa gia, yaani kile chuma chenye vigurudumu viwili vidogo kinachoning'inia chini ya sproketi za nyuma. Waya ukivutwa, mkono unasogea ndani kuelekea spoki, na cheni inapanda kwenye sproketi kubwa zaidi, ambayo ndiyo gia nyepesi ya kupandia mlima. Waya ukilegezwa, springi inaurudisha mkono nje, na cheni inashukia sproketi ndogo, gia nzito ya tambarare. Zamani mwendeshaji alitafuta mahali pa gia kwa sikio. Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta mfumo wa kitasa kinacholia "klik" kwa kila gia, na sasa karibu baiskeli zote za gia zina mlio huo. Urahisi huo una gharama yake. Waya ukilegea kidogo tu, klik inasikika lakini cheni haifiki inapotakiwa.

Kabla ya kushika bisibisi, baiskeli itazamwe kwa nyuma, mtu akiwa amechuchumaa usawa wa ekseli. Je, gurudumu limekaa katikati ya fremu, au nati moja imelegea na likainama? Je, vigurudumu viwili vya mkono wa gia vimesimama wima chini ya sproketi, au cha chini kimepinda kuelekea spoki? Jambo hili la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Mtoto huilaza baiskeli chini kwa upande wa kulia, au huanguka nayo upande huo, na kipande cha chuma kinachoushikilia mkono wa gia kwenye fremu kinapinda. Kikishapinda, hakuna skrubu itakayoponya. Baiskeli iende kwa fundi, ainyooshe au abadilishe kipande hicho, na hadi hapo mtoto asitumie gia nyepesi kabisa, kwa sababu mkono unaweza kuingia kwenye spoki na kulifunga gurudumu la nyuma wakati baiskeli inatembea.

Na mtoto anaweza kukosa kusema kwamba alianguka. Mzazi anayeuliza kwa ukali, "Umeifanya nini hii baiskeli?" atajibiwa "Sijafanya kitu, baba." Anayeuliza baiskeli ililalia upande gani atapata jibu la maana zaidi.

Kama kila kitu kimenyooka, kazi inayobaki inaweza kufanyika nyumbani. Baiskeli ipinduliwe, isimamie tandiko na usukani, au mtu mzima ainue gurudumu la nyuma huku mwingine akizungusha pedali kwa mkono. Watoto wadogo wakae mbali. Cheni na sproketi zinazozunguka hukata vidole, na anayezungusha pedali asianze kabla ya kuona mikono ya mwenzake iko wapi.

Kitasa cha kulia kiwekwe kwenye namba ya juu kabisa, 7 kwa baiskeli nyingi, ili cheni ikae kwenye sproketi ndogo ya nje. Kisha kibadilishwe klik moja tu huku pedali zikizunguka. Cheni inapaswa kupanda sproketi moja bila kusita. Ikigoma, au ikichelewa huku inakwaruza, waya umelegea. Mahali waya unapoingilia kwenye mkono wa gia, au unapotokea kwenye kitasa, pana kipipa kidogo kinachozungushwa kwa vidole. Kikizungushwa kama mtu anayekifungua, kitoke nje, waya unakazika. Nusu mzunguko, halafu ijaribiwe tena. Cheni ikiruka sproketi mbili kwa klik moja, au ikigusa ile kubwa ya jirani, basi waya umekaza mno na kipipa kirudishwe ndani, kidogo kidogo. Wengi wanaoharibu hapa huharibu kwa haraka: wanazungusha mara nne, wanapitiliza, halafu wanaanza kugusa skrubu ambazo hazikuwa na kosa.

Kipipa kikifika mwisho wa kutoka na waya bado umelegea, kirudishwe ndani chote, nati inayobana waya ilegezwe, waya uvutwe kwa koleo huku kitasa kikiwa namba 7, nati ibanwe tena. Waya mpya hutanuka siku za mwanzo, kwa hiyo baiskeli iliyotoka kutengenezwa juzi kulegea tena si lazima iwe kosa la fundi.

Skrubu mbili ndogo kwenye mkono wa gia, mara nyingi zenye herufi H na L, zina kazi nyingine kabisa. Hizo ni kuta. H inazuia cheni isiangukie nje, kati ya sproketi ndogo na fremu. L inaizuia isiangukie ndani, kwenye spoki. Kuikaza kila moja kunausogeza ukuta wake karibu. Cheni ikitoka kwa nje, H ikazwe robo mzunguko. Ikipita sproketi kubwa na kuelekea spoki, L ikazwe robo mzunguko, na isijaribiwe barabarani mpaka ijaribiwe kwa mkono mara kadhaa ikionekana kwamba haipiti. Baiskeli ambayo gia zake zilikuwa sawa mwezi uliopita haina sababu ya kuguswa skrubu hizi, kwani hazijigeuzi zenyewe kirahisi. Kilichobadilika karibu kila mara ni waya, uchafu, au kile chuma kilichopinda.

Kuna dalili mbili zinazowachanganya watu. Ya kwanza ni gia zinazopanda vizuri lakini zinakataa kushuka. Kazi ya kushuka ni ya springi, na springi haishindi waya ulioshika kutu ndani ya ganda lake. Pwani hili ni la kawaida kwa sababu ya hewa ya chumvi. Kipipa hakisaidii. Waya na ganda vibadilishwe kwa pamoja, na katika sehemu zote za gia hizi ndizo za bei nafuu.

Ya pili ni ile ya hatari: cheni inakaa kimya baiskeli ikiwa imepinduliwa, lakini inaruka mtoto akikanyaga kwa nguvu. Hiyo ni cheni iliyochakaa. Ipimwe kwa rula yenye inchi. Alama ya sifuri iwekwe katikati ya pini moja, na pini ya 24 baada ya hiyo iangaliwe. Kwenye cheni mpya inaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni ibadilishwe. Ikizidi kwa moja ya nane, sproketi nazo huwa zimeliwa, na cheni mpya peke yake itaruka vilevile juu ya meno ya zamani. Mzazi aliyekwisha lipia cheni mpya akaona inaruka zaidi ya ile ya kwanza asidhani ameibiwa. Aangalie meno.

Kuhusu mafuta, kidogo kinatosha. Cheni ifutwe kwa kitambaa, vumbi lililogandana litolewe kwa mswaki wa zamani, kisha tone moja la mafuta mepesi kwa kila kiungo, na baada ya dakika chache yafutwe yote yaliyobaki nje. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Oili chafu ya injini hukamata mchanga, na mchanga ndani ya cheni hufanya kazi ya msasa.

Halafu kuna mtoto mwenyewe. Gia hubadilishwa pedali zikizunguka, kamwe si baiskeli ikiwa imesimama. Hubadilishwa kabla ya kilima, sio katikati yake wakati miguu inatetemeka. Wakati wa kubadilisha, miguu ipunguze nguvu kwa sekunde moja, na klik ziwe moja moja. Asitumie sproketi kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, wala ndogo na ndogo, kwa sababu cheni inakaa mshazari na kukwaruza hata kama gia zimerekebishwa vizuri kabisa. Mtoto wa darasa la nne anaelewa haya yote jioni moja, hasa akiruhusiwa kuzungusha kile kipipa mwenyewe, nusu mzunguko, huku mama yake akishika pedali na kumwuliza amesikia nini.