Onyo la Dhoruba Lipewe Nguvu Mwaloni

Alfajiri ya Agosti 2, 2023, boti iliyotoka Lwanabatya, visiwani Kalangala, Uganda, kuelekea mwalo wa Kasenyi karibu na Entebbe ilizama katika Ziwa Victoria. Watu 20 walikufa. Chombo kilikuwa kimesheheni abiria, makaa, vyakula na dagaa, na polisi walitaja sababu mbili: shehena kupita kiasi na hali mbaya ya hewa. Karibu miaka mitano kabla yake, Novemba 24, 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na Mutima, wilayani Mukono, ikaondoka na watu zaidi ya 30 waliokuwa wakistarehe. Hapo pia ubovu wa chombo, wingi wa watu na kuchafuka kwa ziwa vilikutana.

Kila msiba wa namna hii ukitokea, lawama huelekezwa kwa watabiri. Lakini utabiri umepiga hatua. Swali zito sasa ni hili: onyo likishatolewa, nani mwaloni ana mamlaka ya kusema boti haiondoki?

Tuanze na ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani na mawingu yakajikusanya juu ya bara. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu hushuka kutoka kila upande na kukutana juu ya maji yenye joto, na hapo dhoruba huzaliwa, mara nyingi kati ya usiku wa manane na asubuhi. Ndiyo saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kilindini na taa zao, na boti za visiwani zinawahi soko. Misimu mikuu ya mvua ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, lakini kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusini-mashariki nazo hulichafua ziwa. Kwa hiyo utabiri wa msimu hautoshi. Mvuvi anahitaji utabiri wa usiku huu.

Watafiti wakiongozwa na mwanasayansi wa tabianchi Wim Thiery walionyesha kwamba dhoruba za mchana juu ya nchi kavu, zinazoonekana kwa setilaiti, hudokeza ukali wa dhoruba za ziwani usiku unaofuata. Maana yake, jioni kabla mashine hazijawashwa, muda wa kuamua upo. Mwaka 2016 walionya pia kwamba utoaji wa gesi joto usipopunguzwa, dhoruba kali zinazotokea mara moja katika miaka 15 zinaweza kutokea karibu kila mwaka kufikia mwisho wa karne hii.

Huduma nayo ilisogea. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, uliziunganisha Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Ziwa liligawanywa katika kanda, na kila kanda ikatolewa taarifa yake ya upepo na mawimbi. Shirika hilo lilikadiria kwamba vifo vinavyosababishwa na hali ya hewa ziwani vilipungua kwa takriban asilimia 30.

Je, basi, serikali ipige marufuku safari zote kila onyo kali linapotolewa? Wanaopinga wana hoja nzito. Usiku mmoja bila kuvua ni deni la petroli lisilolipika. Dhoruba inaweza kupiga kanda moja na kuiacha jirani shwari, na kila onyo lisilotimia hupunguza imani. Isitoshe, tangu mwaka 2017, jeshi la Uganda lilipokabidhiwa ulinzi wa uvuvi, wavuvi wengi wamezoea kumkimbia mwenye sare. Onyo likipitia mkono uleule, litaonekana njia nyingine ya kuwakamua.

Hoja hizo nazikubali kwa mvuvi, lakini sizikubali kwa boti ya abiria. Mvuvi anaihatarisha roho yake kwa riziki yake. Abiria amelipa nauli bila kujua taarifa ya jioni ilisema nini, huku mwenye chombo akifaidika kwa kujaza na kuondoka. Hapa amri iwe amri. Sheria ya Uganda ya usafiri wa majini ya mwaka 2021 ipo. Itekelezwe katika mialo ya Kasenyi, Ggaba na kwingineko kwa ofisa mmoja anayejulikana, mwenye orodha ya abiria, hesabu ya majaketi ya kujiokolea na taarifa ya kanda, na mwenye uwezo wa kuahirisha safari bila abiria kupoteza nauli.

Kwa mvuvi, dola irahisishe utii badala ya kuulazimisha. Majaketi yawe ya bei anayoimudu. Taarifa isomwe mwaloni jioni kwa Kiganda, Kiswahili na lugha nyingine za visiwani, na mtu ambaye wavuvi wanamwamini. Watabiri nao watangaze hadharani ni maonyo mangapi yalitimia.

Na vifo vihesabiwe. Takwimu ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa ziwani kila mwaka hurudiwa sana, nayo ni makadirio tu. Bila daftari rasmi la kila mwalo, hatutajua kama maonyo yanaokoa roho au yanasomwa tu redioni. Bunge liidai hesabu hiyo kila mwaka, na wizara husika ijibu kwa idadi.