Usitume Mara Mbili: Kuna Foleni Usiyoiona

Ni tarehe 30, jioni. Uko kwa kaunta ya duka la dawa, umeshatuma pesa, na simu imenyamaza. Mwenye duka anakuangalia. Wengi wetu hapo tunatuma tena. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, lakini mteja si wa kulaumiwa peke yake.

Seva inayopokea ombi lako haina mikono isiyo na idadi. Ina kundi la wafanyakazi ambao mafundi huwaita nyuzi. Kila uzi hushika ombi moja, hulimaliza, kisha huchukua linalofuata. Nyuzi zote zikiwa na kazi, ombi lako linapanga foleni. Chukua mfano wa Kafka, programu inayotumika sana duniani kupitisha taarifa zinazomiminika bila kukatika. Ukiiacha ilivyo, kila seva yake ina nyuzi 3 za kupokea maombi, 8 za kuyashughulikia, na foleni ya maombi 500. Foleni ikijaa, inaacha kwanza kusoma mapya.

Utauliza, si waongeze nyuzi tu? Hiyo ni kama kuita wapishi kumi kwa meko mawili. Kila uzi unakula memori, na prosesa inapoteza muda ikiruka kutoka uzi huu hadi ule.

Sisi watoa huduma tuna deni la mambo mawili. Kwanza, maombi ya kuangalia salio yapewe nyuzi zake na malipo yapewe zake, ili watu elfu wanaochungulia salio wasimzuie mmoja anayelipa hospitali. Pili, foleni ikijaa tumwambie mteja wazi: ombi lako halijapokelewa, jaribu baadaye. Hapana ya mapema ni afadhali kuliko kimya.

Nawe mteja, kimya hakimaanishi pesa haijaenda. Ombi la kwanza huenda bado liko kwa foleni. Ukituma tena, yote mawili yanaweza kupita, na kurudishiwa pesa ni safari nyingine. Subiri kidogo, kisha angalia taarifa ya miamala mara moja, si mara kumi, maana kila ukiangalia unarefusha foleni hiyo hiyo. Ukikosa kuiona, piga simu huduma kwa wateja kabla hujabonyeza tuma tena.