Ziara ya Rutamba na Somo la Rondo

Shule za sekondari zinapopanga ziara ya masomo hufikiria kwanza Ngorongoro au Kilimanjaro. Kwa shule za Kilwa na Lindi safari hizo ni ghali, na aghalabu huzaa picha za kumbukumbu tu. Yafaa walimu watazame karibu zaidi. Kiasi cha kilometa 40 magharibi ya mji wa Lindi liko Ziwa Rutamba. Karibu nalo ni msitu wa Litipo, na huko bara zaidi huinuka nyanda za juu za Rondo, zinazofikia karibu meta 900 kutoka usawa wa bahari.

Mgeni asiye na swali huona maji na majani. Mwanafunzi aliyechukua kipimajoto huona mengine. Ziwa liko kwenye kimo cha meta 240 hivi. Kwa kuwa hewa hupoa takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila meta 1000, kileleni Rondo yapasa kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 4. Je, ndivyo? Vikundi viwili vipime saa ile ile, mmoja ziwani, mwingine juu, na jibu likipingana na hesabu, sababu itafutwe: mawingu, kivuli cha miti, au upepo wa bahari unaopoa ukipanda mteremko na kuacha ukungu.

Utafiti hapa si jambo geni. Mwaka 1934 na 1935 Mjerumani Schlieben alikusanya mimea mingi kandokando ya ziwa hili. Hifadhi ya mimea ya Berlin iliungua mwaka 1943. Heri nakala zilikwisha kupelekwa kwingine. Hata hivyo komba mdogo wa Rondo, mwenye uzito wa yai la kuku, alipewa jina la kisayansi miaka ya 1990 tu, naye hutambulikana hasa kwa mlio wake wa usiku. Misitu anamoishi imebaki vipande vipande, na shoka na moto havijapumzika.

Kwa hiyo ziara moja haitoshi. Kijiti chenye alama za sentimeta kisomwe ukingoni kila mwaka, mwezi ule ule, bila mtu kuoga wala kuchezea maji, kwa hofu ya kichocho. Daftari la vipimo likae maktabani, lisitupwe pamoja na karatasi za mitihani.