Hati si Ngao ya Kiwanja cha Shule

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wanaouza na wanaonunua viwanja vya shule. Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi walipotetea uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Mnunuzi hujitetea kwa kusema, "Nina hati." Haitoshi! Aprili 2023, katika kesi ya kiwanja cha ufuoni Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ardhi ya umma ikigawiwa kinyume cha sheria, hata aliyeinunua baadaye kwa fedha zake halindwi. Basi mnunuzi na aulize kwanza: mwenyewe wa awali aliipataje? Nazo kamati za shule nazisihi zitafute hati kabla ukuta haujajengwa.

Msomaji wako,
Nakuru.