Paparazi wa leo hana kamera shingoni

Neno paparazi limetokana na filamu ya Federico Fellini ya mwaka 1960, La Dolce Vita, ambamo mpigapicha mmoja mwenye pupa anaitwa Paparazzo. Ennio Flaiano, mmoja wa walioiandika, alieleza kwamba jina hilo lilichotwa kwenye kitabu cha safari cha Mwingereza George Gissing kilichotoka mwaka 1901. Humo ni jina la mwenye hoteli mjini Catanzaro, Italia, asiyehusika kabisa na kamera. Ila vitendo vililitangulia jina. Agosti 1958, Tazio Secchiaroli alimpiga picha Farouk, mfalme wa Misri aliyeng'olewa madarakani, kwenye barabara ya Via Veneto jijini Roma, na Farouk akamvamia kwa hasira. Picha ya mfalme aliyekasirika ilikuwa na soko kuliko ya mfalme aliyetulia. Tangu hapo kumchokoza mtu, au kumvizia asipojijua, kukawa biashara.

Huku Mkomani, Mombasa, neno hilo tumeliachia wanaowafuata wasanii na wanasiasa wanapoteremka Nyali kupumzika mwezi wa Disemba. Kwa maoni yangu hapo tunakosea, kwa sababu anayeumia zaidi siku hizi ni mtu asiyejulikana. Chukua usiku wa kupamba katika harusi zetu. Ukumbi ni wa wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, bi harusi amekaa jukwaani na dhahabu zake. Ndiyo maana wenye shughuli wengi hukataza simu mlangoni. Ikipenya moja tu, mwanamke aliyejisitiri maisha yake yote huamka asubuhi picha yake imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na wanaume asiowajua wanaitolea maoni. Nyota ana wakili na msemaji wa kumtetea. Huyu ana nini?

Ana sheria, na ni sheria yenye meno. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, bila kuuliza umaarufu wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayetumia picha ya mtu kwa msingi wa ridhaa aweze kuithibitisha ridhaa hiyo. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na Roma School ya Uthiru Sh4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Hakuna aliyekuwa nyota hapo.

Watakuja wa kusema kwamba ukumbi wa harusi ni sawa, ila ufuo ni wa umma, na anayekwenda kuogelea amekubali kuonekana. Kuonekana, ndiyo, lakini jicho la mpita njia halimgeuzi mtu kuwa tangazo la hoteli. Wengine watahofia kwamba hoja hii itawafunga mikono waandishi wa habari. Hofu hiyo naiheshimu, maana viongozi wetu ni wepesi wa kuita faragha kile wanachotaka kukificha. Sheria yenyewe imeuachia uandishi wa habari nafasi pale maslahi ya umma yanapohitaji, na nafasi hiyo isiguswe: ardhi ya umma ikinyakuliwa, anayenyakua apigwe picha mchana na usiku. Sheria pia imeyasamehe matumizi ya binafsi na ya nyumbani, lakini mgeni aliyerusha video ya kupamba kwa mamia ya watu ameshatoka nyumbani.

Kwa hiyo wenye kumbi na wapigapicha wa harusi huku kwetu waanze na mkataba wa maandishi: picha ni mali ya nani, nani ataziona, na zitafutwa lini kwenye kompyuta ya aliyezipiga. Anayekataa kuutia sahihi asipewe kazi.