Hadithi yako, uitume wapi?



Kisha kikao cha posho iliyopita, mama mmoja wa chama alinionyesha kaye yake. Aliandika hadithi ya mke anayemngoja bwana aliyekwenda machimboni. Akaniuliza: "Dada, niitume wapi?"

Nilikumbuka kosa langu. Mwaka jana mtu aliniahidi kwa simu kwamba ataichapa hadithi yangu katika jarida. Nikamtumia dola kumi, pesa ya sabuni na chumvi. Mpaka leo jarida sijaliona, na kaye niliyompa haikurudi.

Tangu hapo, kabla ya kutuma najiuliza maswali manne.

Wanapokea watu wa wapi? Shindano la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola hupokea Kiswahili, na kuingia ni bure. Lakini ni la raia wa nchi za Jumuiya hiyo tu. Jirani zetu wa Tanzania, Uganda na Rwanda wamo. Sisi Wakongomani hatumo.

Wanataka hadithi mpya ao iliyokwisha kuchapwa? Shindano hilo linataka mpya. Tuzo ya Caine, iliyoanza mwaka 2000 kwa waandishi wa Afrika, ni kinyume: inataka iliyokwisha kuchapwa, tena kwa Kiingereza, hata ikiwa ni tafsiri. Basi usikimbilie kuimwaga hadithi yako yote kwenye Facebook. Majarida mengi yatasema imekwisha kuchapwa.

Urefu gani? Jumuiya ya Madola wanataka maneno 2,000 mpaka 5,000. Hesabu hivi: ukurasa wa mistari 25, kila mstari maneno 8, ni maneno 200. Kurasa kumi ni 2,000. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inataka kitabu kizima. Hadithi moja haitoshi.

Wanapenda nini? Jalada, jarida lililoanzishwa na waandishi vijana wa Afrika, mwaka 2016 lilitoa hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Majarida yanayoheshimu lugha zetu namna hiyo ndiyo ya kutafuta kwanza. Mwombe mtoto mwenye simu akufungulie toleo moja, ulisome lote. Ukiona hadithi zake hazifanani na yako hata kidogo, tafuta mlango mwingine.

Na anayekuomba pesa kabla hujaona hata toleo moja la jarida lake, mwache.

Mama yule tumehesabu naye: ana kurasa sita. Sasa anaendelea kuandika, na binti yake anamnakilia yote katika kaye ya pili, maana kaye moja ikipotea hadithi imekufa.

Posho ijayo leteni kaye zenu. Tutasomeana, tutahesabu, kisha tutatafuta mlango wa kila moja.